Usimwite Ukitaka Kumpiga

Murdoch Geddes alikuwa na mbwa saba na maneno machache sana kwa siku, na mengi ya maneno hayo aliwapa mbwa. Mimi nilimpikia kwenye shamba la Blackcraig tangu nikiwa msichana mpaka nikawa na mvi. Najua alivyotaka mayai yake yakaangwe, lakini sikuwahi kujua kitu chochote alichokiogopa. Ukimwambia, "Habari za asubuhi, Murdoch," alitazama kwanza dirishani, akautazama mlima, halafu akakujibu, "Kuna baridi." Ungeweza kumwambia nyumba inaungua na bado angeutazama mlima kwanza.

Watu wa mjini wakija kwetu majira ya joto na kamera zao husema mbwa humfundisha binadamu upendo. Husema hivyo kwa sababu wao wana kijimbwa kimoja kinacholala kwenye kochi. Mbwa wa Blackcraig walilala nje kwenye vibanda vya bati, minyororo shingoni, theluji ikiwafikia mlangoni, na walikula nyama ya kondoo mzee mara moja kwa siku. Upendo sikuuona. Nilichokiona ni kitu kingine, na Murdoch alikijua kuliko mtu yeyote bondeni, na ndiyo maana bado namkasirikia ingawa yuko ardhini.

Siku ya kwanza kukisikia kikisemwa ni pale Hemi Parata alipoanza kazi kwetu. Hemi alitoka pwani, Mmaori mwenye mdomo mwepesi kama mimi, na ndiyo maana tulipatana. Mbwa wake alikuwa amelitawanya kundi zima karibu na uzio. Hemi akamwita, mbwa akaja mbio, na alipofika miguuni Hemi akampiga teke la mbavu. Murdoch alikuwa upande wa pili wa zizi. Akavuka zizi lote taratibu, katikati ya kondoo.

"Ulimwita?" akauliza.

"Nilimwita, bosi."

"Akaja?"

"Si huyu hapa."

"Basi umempiga kwa sababu amekuja. Ukitaka kumpiga mbwa, mfuate huko huko alikokosea, kwa miguu yako. Ukimwita, awe na hakika anakuja kwenye heri. Mdanganye mara moja tu, na huna mbwa tena. Una mnyama anayekula chakula chako."

Jioni Hemi aliingia jikoni akajitupa kitini. "Shangazi," akaniambia, "leo mzee amehutubia. Nilidhani ni Jumapili." Tukacheka. Lakini sikumwona tena akimpiga mbwa aliyemwita.

Kulikuwa na mambo mengine mawili kwetu ambayo kila mchungaji aliyajua. La kwanza, mbwa hufungwa minyororo jua linapotua, kila siku, hata kama wewe mwenyewe unakufa kwa uchovu. Mbwa anayefanya kazi na kondoo mchana kutwa hujifunza usiku kwamba kondoo wana damu, na akishaionja hakuna wa kumrudisha nyuma. La pili ndilo linalofuata hilo: mbwa aliyeua kondoo hupigwa risasi siku hiyo hiyo, na mwenyewe ndiye anayempiga. Humtumi mtu. Kabla ya kumpiga unamvua ukanda wa shingoni, ili asife akiwa kazini. Kanda za mbwa wote wa Murdoch waliokufa zilining'inia misumarini kwenye banda la kukatia manyoya, za wazee, za wagonjwa na za wakosaji pamoja, na ukipita pale ulisikia harufu ya ngozi na mafuta.

Halafu kulikuwa na mluzi. Kila mchungaji ana wake, na mbwa wa mtu huyu hageuzi hata sikio kwa mluzi wa mtu yule. Mluzi wa Murdoch wa kumwita mbwa arudi ulikuwa mrefu, ukishuka kisha ukipanda ghafla mwishoni. Wachungaji vijana walijaribu kuuiga wakiwa wamelewa wakashindwa. Mtu mmoja tu aliuweza, naye ni binti yake wa pekee, Ailsa. Akiwa mdogo wa kufika kiunoni mwangu alikuwa anapanda juu ya uzio, anatia vidole viwili mdomoni, na mbwa wa baba yake wanageuka huku na huku hawajui waende kwa nani. Baba alijifanya amekasirika. Ndizo siku pekee nilizoyaona meno ya Murdoch Geddes.

Ailsa alipofika miaka kumi na tisa alikuwa anafanya kazi Dunedin, ofisi moja ya bandarini, na akapata mimba. Mwanamume alikuwa baharia na bahari ilikuwa imekwisha mchukua. Barua ilimfikia mama yake, Isobel, na Isobel akalia juu ya unga wangu wa skonzi mpaka nikautupa. Murdoch akaenda kwenye simu ukumbini. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo, nilisikia kila neno, wala hayakuwa mengi.

"Njoo nyumbani, Ailsa," akasema. "Hakuna ugomvi. Njoo tu."

Akaja. Alishuka kwenye basi pale njia panda akakimbia ile njia ya changarawe, na mzigo wake tumboni, koti wazi, akicheka. Akaingia sebuleni. Mle ndani alikuwapo mchungaji Laidlaw, mchungaji wa kanisa huyo, si wa kondoo, ameshavaa koti na glavu, na gari lake liko nyuma ya nyumba ambako binti hakuweza kuliona kutoka njiani. Walikuwa wamekwisha panga kila kitu: nyumba ya wasichana wenye mimba huko kaskazini, mtoto atakayechukuliwa na watu wema, na bondeni kusisikike lolote. Wachungaji wawili chumba kimoja, na hakuna aliyeona haya.

Sitasema yaliyosemwa mle ndani. Ailsa alipotoka alipita jikoni, uso mweupe kama sahani. Akamwambia baba yake, aliyekuwa anamfuata na sanduku, "Umeniita. Umeniita, na mimi nimekuja."

Gari lilipoondoka nilimwambia Murdoch usoni: "Mbwa usingemfanyia hivi."

"Nyamaza, Noeline," akasema, akatoka kwenda kuwalisha mbwa.

Mtoto alizaliwa na akachukuliwa. Ailsa alirudi Dunedin kwenye ofisi yake, akawa mtu wa kutuma kadi ya Krismasi kwa mama yake, jina la baba halimo. Murdoch alipiga simu mara mbili tatu miaka ile ya kwanza. Mara ya mwisho nilisikia sauti ya Ailsa ikitoka kwenye simu, kwa sababu hakunong'ona: "Mara ya mwisho uliponiita nilikuja." Akakata. Murdoch akabaki ameshika simu. Nikafikiri sasa atachukua funguo za Landrova. Dunedin si mwezini, ni saa nne za barabara nzuri. Lakini alikwenda kuwafunga mbwa. Ikapita miaka kumi na miwili hivyo.

Isobel alikufa mwezi wa saba, katikati ya baridi, baada ya kuugua muda mrefu bila kulalamika. Mwili ulikuwa mjini ukingoja maziko. Ailsa aliarifiwa na mimi, na akasema atakuja, kwa ajili ya mama.

Siku zile Murdoch alitembea ndani ya nyumba kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta. Nilikuta buti zake kwenye kabati la sahani. Hemi alikuwa bonde la juu na kondoo madume. Jioni ya pili ya msiba hakuna aliyewafunga mbwa. Mtu ambaye aliwafunga akiwa na homa ya mapafu, ambaye aliwafunga usiku wa harusi yake mwenyewe, wageni wakimngoja na glasi mikononi, siku hiyo alisahau.

Kesho yake mchana Doug Tulloch, jirani yetu, alisimama mlangoni mwa jiko langu na kofia mkononi. Hakutaka kuingia.

"Noeline, Murdoch yupo?"

"Yupo. Mkewe anazikwa kesho, Doug. Kama ni yale mambo ya uzio, nenda zako."

"Si uzio. Laiti ingekuwa uzio."

Murdoch alisikia akaja na kikombe chake. Tulloch hakuweza kumtazama. "Pole sana, Murdoch. Siku nyingine yoyote. Lakini kuna mbwa ameingia kwa kondoo majike wangu wenye mimba, amewararua vibaya. Nimemkuta bado yuko juu ya mmoja. Nilifyatua nikamkosa, akakimbilia upande wako. Ana kifua cheupe."

"Fly," akasema Murdoch.

"Mimi sikutaja jina."

"Nimelitaja mimi."

Fly alikuwa jike mwembamba mweusi, bora kuliko mbwa wote aliopata kuwa nao. Hakubweka. Alikuwa wa wale wanaowaongoza kondoo kwa jicho tu, anajilaza chini na kuwatazama mpaka wanageuka wenyewe. Tulitoka nje wote. Juu kabisa, kwenye miamba iliyo juu ya korongo, paliwepo nukta nyeusi imelala chini, kichwa kimeelekea nyumbani. Hakuthubutu kushuka na hakutaka kwenda mbali. Hemi, aliyekuwa ameshuka kwa ajili ya maziko, akamwona pia akaanza kuvuta sigara yake kwa haraka.

"Mpigie mluzi," akasema Tulloch kwa upole. "Atashuka sasa hivi. Tumalize, na wewe urudi kwenye msiba wako."

"Najua atashuka. Ndiyo maana simpigii."

"Murdoch, tazama lile wingu."

"Nimeliona."

"Bosi, niachie mimi," akasema Hemi. "Nipe bunduki, mimi sina ahadi naye."

"Ni mbwa wangu."

Nikajitia kati, kwa sababu wanaume watatu wanaweza kusimama uani hivyo mpaka wakaota mizizi. Nikamwambia ana miaka karibu sabini na moyo unaoishi kwa vidonge, na kusini kumekuwa kweusi, na theluji ile haitangoja adabu zake. Nikamwambia mkewe ataona aibu huko aliko. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Akavaa koti, akachukua bunduki na mnyororo.

"Ailsa akifika," akasema, "mwambie..."

"Nimwambie nini?"

Akautazama mlima. "Mwambie kuna baridi."

Akaenda. Nilimwona akipanda kwenye nyasi kavu, anasimama kuvuta pumzi, anapanda. Fly hakukimbia. Nukta ile nyeusi ilikaa pale pale ikimtazama akija. Halafu theluji ikaanguka mlima wote kwa mara moja na sikumwona tena.

Ailsa alifika dunia ikiwa imekwisha kuwa nyeupe, kwenye gari aliloliazima. Alikuwa mwanamke sasa, mistari mdomoni, nywele fupi. Nilimkumbatia naye akajiacha akumbatiwe. Nikamweleza yote, akiwa bado na glavu mikononi.

"Amempandia mbwa mlima," akasema polepole.

"Ndiyo."

"Kwa miguu. Na moyo ule. Ili asimdanganye." Akakaa. "Mimi niko Dunedin, Shangazi. Mlango wangu uko barabarani. Kuna kengele. Angebonyeza tu kengele."

Nikamwambia tu, "Amesema nikwambie kuna baridi," naye akacheka kicheko kibaya, na kicheko kikageuka, na nikamshika kichwa.

Wanaume walipanda mara mbili jioni ile. Upepo ulikuwa unafuta nyayo kabla mguu haujatoka. Tulloch alianguka akaumia goti. Walirudi gizani na barafu kwenye ndevu. Mimi na Ailsa tuliwasha taa zote za nyumba, hata za chumba cha Isobel, huenda kuna mtu angeziona.

Kulipopambazuka upepo ulikuwa umekufa. Anga safi, mlima mzima mweupe bila alama yoyote, na kimya ambacho ungesikia jiwe likidondoka upande wa pili wa bonde. Miamba ile ilikuwa imefunikwa. Tulisimama uani, mimi, Ailsa, Hemi na Tulloch na goti lake, na majirani wawili waliokuja na majembe. Hakuna aliyejua pa kuanzia.

Hemi ndiye aliyesema. "Ailsa, wanasema wewe unaujua mluzi wa mzee."

"Nilikuwa naujua."

"Kama Fly yuko naye, na wewe ukamwita, atashuka. Theluji ni mpya. Atatuachia njia tutakayoifuata mpaka alipo."

Ailsa alielewa kabla hajamaliza. Akamgeukia Tulloch. "Na akishashuka?"

"Sitamgusa," akasema Tulloch. "Naapa mbele ya hawa wote."

"Sisemi wewe. Nasema sheria. Nikimwita, atakuja akijua anakuja kwenye heri. Hajapata kuniona maishani. Atakuja kwa sababu ya sauti ya baba."

"Baba yako yuko kule juu, mwanangu," nikamwambia. "Kila dakika tunayopoteza kwa maneno hapa ni yake."

"Najua ni ya nani!" akanifokea. Akavua glavu, akatia vidole mdomoni, ikatoka hewa tupu. Akalamba midomo. Akajaribu tena, na mluzi wa Murdoch Geddes ukapanda bondeni, mrefu, ukashuka, ukapanda mwishoni. Mbwa sita waliokuwa minyororoni wakainuka wote pamoja.

Tukangoja. Akapiga tena. Na juu kabisa, kushoto mbali na pale tulipofikiri, kitu cheusi kikachomoka kwenye theluji kikaanza kushuka.

Alikuja moja kwa moja, akizama mpaka kifuani, akiruka. Alipokaribia akapunguza mwendo, akaona kwamba mwenye mluzi si mzee. Akasimama. Akamtazama Ailsa kwa lile jicho lake. Kisha akatambaa hatua za mwisho akajilaza kwenye buti zake. Hemi akanishika mkono akaniminya. Shingo ya Fly ilikuwa tupu. Ukanda haupo.

Sote tulijua maana yake. Murdoch alimfikia. Alimvua ukanda. Na risasi hatukuisikia, na mbwa yuko hapa.

Wanaume wakaondoka kuifuata njia ile. Fly akainuka ili awafuate. Alilia kwa sauti ndogo, akavuta kuelekea mlimani. Ailsa akavua skafu yake akamfunga shingoni, akamzuia. "Tulia," akawa anamwambia. "Tulia, usirudi huko, watakupiga risasi. Umekuja vizuri. Tulia." Mbwa akavuta mpaka skafu ikamkaba. Ailsa akapiga magoti kwenye theluji akamkumbatia kwa nguvu zote, na wakabaki hivyo muda wote wanaume walipokuwa wanapanda.

Hemi alirudi peke yake, mbele ya wengine. Hakuwa na utani wowote usoni.

"Yuko nyuma ya jabali, Shangazi. Amekaa." Akaniambia mimi kwa sababu hakuweza kumwambia Ailsa, lakini Ailsa alikuwa pale pale. "Ukanda ulikuwa mfukoni. Bunduki imejaa, haijafyatuliwa, imeegemezwa mbali naye. Koti lilikuwa wazi. Upande wa kushoto, alipokuwa amelala mbwa, theluji ilikuwa na shimo la mwili wa mbwa." Akainama kukung'uta theluji kwenye buti.

"Sema," akasema Ailsa.

"Upande wa kulia alikuwa ameganda. Upande wa kushoto hakuwa ameganda."

Ailsa akamwachia Fly. Mikono ikabaki hewani. "Kwa hiyo nimemwondolea blanketi lake," akasema. "Nimemwita, na nimemshikilia asirudi."

Daktari alisema baadaye kwamba huenda Murdoch alikufa mapema, moyo, labda hata kabla giza halijaingia, na kwamba joto la mbwa lingemdanganya mtu yeyote. Alisema huenda. Mimi sikumwambia Ailsa kwamba si kosa lake, kwa sababu angejua nasema tu. Nilimwambia wewe ulifanya kilichokuwapo cha kufanya, akasema, "Ndivyo hata baba alivyofikiri siku ile sebuleni."

Siku ile ile jioni Hemi alikuja jikoni na kofia mkononi. Alisema ataimaliza kazi ya mzee, kimya kimya, nyuma ya banda. Ailsa alimtazama mpaka akakaa.

"Leo hapana," akasema. "Leo ameitwa. Mtu aliyeitwa hapigwi siku hiyo."

Akamwingiza Fly ndani. Ndani ya nyumba ya Murdoch Geddes, ambamo mbwa hakuwahi kukanyaga hata kwenye kizingiti. Akamlaza mbele ya jiko langu, akamkatia nyama kutoka kwenye sahani yake mwenyewe, na mimi, ambaye ningemfukuza hata malaika mwenye miguu ya tope, nikazunguka huku na huku na sufuria zangu bila kusema neno. Mbwa yule hakujua afanye nini na joto lile. Aliona haya. Kila mara aliinuka, akaenda mlangoni, akasimama akiutazama mlima kupitia kwenye kioo.

Tuliwazika wote wawili wiki hiyo hiyo, Murdoch na Isobel, kaburi moja, na aliyeongoza ibada alikuwa mchungaji mgeni. Tulloch alikuja na mkongojo. Baada ya chai alimvuta Ailsa pembeni akamwambia, "Mwache aishi. Mfunge tu. Kondoo wangu nimewasamehe."

"Nani amfunge?" akauliza Ailsa. "Mimi naishi juu ya duka la viatu. Hapa anakuja mtu mwingine kushika shamba, na mbwa wake. Na wewe unajua atarudia, Doug. Umesema hivyo kwa sababu umemwona mzee kwenye theluji."

Tulloch hakubisha. Alimshika bega akaondoka.

Asubuhi aliyopanga kuondoka, nilikuwa dirishani naosha vyombo. Theluji ilikuwa imeyeyuka na ua wote ulikuwa tope. Fly alikuwa mbali, ng'ambo kabisa, kwenye kijito, hana mnyororo wala skafu, ananusa majani. Ailsa akatoka na bunduki ya baba yake. Akasimama kwenye lango.

Nikamwona anainua vidole viwili kuelekea mdomoni. Ilikuwa desturi tu ya mkono, nadhani. Vikasimama kabla havijafika. Akavishusha, akavifuta kwenye koti, kana kwamba vilikuwa vichafu.

Halafu akafungua lango, akaanza kutembea. Kutoka pale mpaka kijitoni ni mbali na tope lilikuwa la kuzama. Buti moja ilinasa akaing'oa kwa mikono, akaendelea. Fly alinyanyua kichwa akamwona akija, akaketi akamngoja. Ailsa alipofika alipiga magoti, akakaa naye sana, mkono mgongoni mwake, wote wawili wakiutazama mlima. Nikaacha kuosha. Nikageuka nikautazama ukuta, na mlio ulipokuja vyombo vikatikisika rafuni.

Alimzika mwenyewe. Nilimwona akienda kwenye banda la manyoya, ukanda mkononi, na nikasikia nyundo, msumari mpya. Kisha akaja akasimama kwenye kizingiti cha jiko, tope mpaka mapajani, haingii, hatoki.

"Baba alijua, Shangazi," akasema. "Wakati wote alijua namna inavyofanywa."

Chai ilikuwa mezani. Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia njoo, ukae, upate joto. Nikaufunga. Nikamimina kikombe, nikazunguka meza, nikampelekea pale alipokuwa amesimama.